Shajara ya mradi: Cessna 172 inatoka Dodoma inaenda Perth kwa kontena

Mwisho wa Mei

Kwa wote mnaoniuliza kama kweli ndege inaenda, ndio, inaenda. Nimepata kazi Perth, Australia Magharibi, mambo yaleyale ya jiolojia ya madini, mkataba wa miaka kadhaa, familia inatangulia na mimi nabaki Dodoma kumalizana na hili. Watu wengi wamenishauri niiuze hapahapa nikanunue nyingine kule, na ushauri wao una mantiki kabisa, lakini hii ni 172M ya 1975 ambayo naijua kila ribiti, injini yake ni Lycoming O-320 iliyofanyiwa ovahoo juzijuzi na ina safari ndefu kabla ya kufika yale masaa 2,000 wanayopendekeza watengenezaji kwa ovahoo nyingine, halafu imekaa miaka yote kwenye hewa kavu ya Dodoma, mkoa unaopata mvua ya milimita 500 mpaka 600 tu kwa mwaka. Ukifungua bawa ndani utakuta alumini inang'aa. Ndege ya umri huo iliyokaa pwani huwezi kuikuta hivyo, na kule Australia nikinunua ndege ya mtu naanza upya kujifunza magonjwa yake.

Kuirusha mwenyewe niliwaza, siwezi kudanganya. Ila 172 yenye matenki ya kawaida inakupa kilomita elfu moja na kidogo ukiacha akiba, na kutoka Dar mpaka Mahe ya Shelisheli tu ni kama kilomita 1,800 za maji matupu, bado Maldivi, Sri Lanka, Indonesia yote mpaka uione Australia. Inawezekana, wapo watu kazi yao ni hiyo, wanafunga tenki la ziada kwenye siti za nyuma na wanaomba kibali maalumu cha kuruka na uzito uliozidi. Injini moja juu ya Bahari ya Hindi siku zote hizo, na mimi nina watoto. Kontena.

Wiki ya kwanza ya Juni

Vipimo kwanza. Kontena la futi 40 la kimo kirefu, yale wanayoita haikyubu, ndani lina urefu wa mita 12.03, upana 2.35 na kimo karibu 2.70, ila mlango wake kimo chake ni 2.58 tu, kwahiyo namba ya kuangalia ni ya mlangoni. Ndege yangu ina urefu wa kama mita 8.2, hapo hakuna shida. Mabawa kutoka ncha mpaka ncha ni mita 11, yanatoka yote mawili, yatasimama kwa ukingo wa mbele kando ya kuta, moja huku moja kule. Mkia wa kulala una mita 3.45, unatoka. Mkia wa kusimama nao unatoka.

Kitu ambacho wengi hawakitegemei ni miguu. Umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia kwenye 172 ni kama mita 2.5, yaani hata ukitoa mabawa na mkia bado bodi haipiti mlangoni ikiwa imesimama kwa miguu yake. Lazima miguu ya nyuma ifunguliwe na bodi ikae kwenye kitanda chake. Kitanda tumeamua kiwe cha chuma, bomba la mraba, kijana mmoja wa kuchomelea pale Kizota kakubali kazi baada ya kumchorea kwenye karatasi na kwenda naye uwanjani kupima. Mbao nimezikataa makusudi. Mbao yoyote ya kufungashia mzigo unaovuka mipaka inatakiwa ifuate ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao, ichemshwe mpaka moyo wa ubao ufike nyuzi 56 kwa dakika 30 na igongwe muhuri, na Australia hawana mchezo na mhuri huo. Chuma hakiulizwi. Plaiwudi nayo imesamehewa kwasababu imeshapikwa kiwandani, kwahiyo pale tunapohitaji ubao ni plaiwudi tu.

Jumamosi, Juni hiyohiyo

Safari ya mwisho kwa namba ya 5H, yaani ya Tanzania. Nimeondoka asubuhi baridi, upepo wa Dodoma wa kipupwe haujaamka bado, nikazunguka juu ya bwawa la Hombolo, nikakata kuelekea mbuga ya Bahi, nikarudi juu ya mashamba ya zabibu. Uwanja wetu uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari na uko katikati ya mji, ukigeuka kushuka unaona paa za mabati za mitaa yote. Sikukaa sana hewani kwasababu safari yenyewe ilikuwa na kazi. Tulishaweka mafuta ya kuhifadhia injini, yale ya AeroShell Fluid 2F, na ili yafanye kazi lazima injini ipate moto wa kawaida wa kuruka, kuichemsha ukiwa umesimama chini haitoshi.

Tukishuka tu Mzee (fundi wangu, mstaafu, kaishika ndege hii kabla yangu) akatoa plagi za juu zote nne ingali ya moto, akapuliza mafuta kila silinda, halafu akafunga plagi za kunyonya unyevu. Hizi plagi ni za plastiki inayoonyesha ndani, zina chembechembe za buluu, zikianza kuwa za waridi ujue zimeshiba maji na unatakiwa ubadilishe. Ekzosi na mdomo wa kabureta vimezibwa. Baada ya hapo propela haiguswi na mtu. Mzee kaning'iniza kitambaa chekundu pale na kawaambia vijana wote, "Mkiuzungusha huu, yale mafuta tuliyopaka yote mnayafuta kwenye kuta za silinda." Kuna mgeni alikuja kushangaa akataka kuushika apige picha, Mzee alimsalimia vizuri kwa Kigogo, mbukwa, kisha akamshika mkono akamsogeza nyuma.

Jumatatu mpaka Alhamisi, kufungua

Hapa ndio niandike kirefu maana ndipo mradi wote ulipo.

Petroli kwanza. 100LL, ile ya bluu, tumemwaga yote kwenye madramu na hakuna tone lililopotea, wenye ndege wengine uwanjani wameipokea kwa furaha maana hii kitu haipatikani kila kituo. Matenki yameachwa wazi yapigwe upepo mpaka harufu iishe, kwasababu kampuni ya meli inataka barua kwamba hakuna mvuke unaowaka ndani ya kontena. Betri imetoka.

Bawa la 172 limeshikwa na vitu vichache mno ukilinganisha na kazi linayofanya: boliti ya mbele, boliti ya nyuma, na mhimili unaotoka chini ya bodi kwenda katikati ya bawa. Ile boliti ya nyuma imepita kwenye bushi ambazo tundu lake haliko katikati, na ukizizungusha kidogo tu bawa linabadilisha mkao, upande mmoja unabeba kuliko mwingine. Ndege hii inaruka imenyooka, ukiachia usukani hailali upande wowote, kwasababu kuna fundi zamani alizipanga hizo bushi kwa subira. Nilipofika na spana Mzee akanizuia. "Mwanangu, hapa usiguse kwanza." Akasafisha kwa kitambaa na spiriti, akachukua sindano ya kuchorea akakwaruza mstari mwembamba kwenye bushi na kwenye kishikio chake, kushoto na kulia, akapitisha rangi nyeupe juu ya mkwaruzo, halafu ndio akaniambia piga picha, moja ya mbali nione ni bawa gani, moja ya karibu niuone mstari. Rula ikiwa ndani ya picha. Tumefanya hivyohivyo kwa kila kitu chenye mrekebisho: kaza-kamba (vile vifaa vya kukazia nyaya za kuongozea ndege) za eleroni na za flapu, vipande vya bawa vinavyocheza, na za mkia. Kila kaza-kamba tumehesabu nyuzi za parafujo zinazoonekana nje kabla ya kulegeza na tumeandika.

Nataka nieleweke kwenye hili. Fundi atakayeifunga kule Jandakot, uwanja wa ndege ndogo wa Perth, hajawahi kumwona Mzee na hatamwona. Ataona masanduku na mifuko. Kila boliti imeingia kwenye kifuko cha zipu na washa zake na nati yake kwa mpangilio uleule ilivyotoka, na lebo inayosema imetoka wapi, upande gani, inaelekea wapi kichwa chake, na namba ya picha. Zile pini za kufunga nati na nati za kujifunga tunanunua mpya, za zamani zimebaki kama mfano tu. Mirija ya petroli imezibwa, waya za taa za bawani zimefungwa lebo pande zote mbili, na ule mrija mwembamba wa pito (kile kibomba kinachompa rubani spidi yake) wa bawa la kushoto nimeufunga mwenyewe.

Siku ya kushusha mabawa tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana kufika saa nne Dodoma miezi hii upepo unavuma na bawa ni bawa hata likiwa mikononi mwa watu, linataka kuruka. Watu sita, wawili nchani, wawili katikati, wawili shinani, Mzee na nyundo ya plastiki na boliti. Alipoitoa ya mwisho uzito ukahamia mikononi mwetu wote kwa mara moja, hakuna aliyeongea, tukasogea hatua kwa hatua tukalilaza kwenye magodoro ya sponji. Kisha la pili. Ndege bila mabawa inasikitisha kuiangalia, nakiri niligeuka pembeni.

Mabawa yakiwa chini tumepata nafasi ya kuangalia ndani kwenye spa, ile boriti kuu ya bawa, kwa kamera ya waya. CASA, mamlaka ya anga ya Australia, wamelazimisha ukaguzi wa SIDs, ule waraka wa Cessna wa kukagua kutu na nyufa kwenye ndege zilizozeeka, kwahiyo kule watafungua tena kwa taratibu zao. Lakini nimepiga picha kila mahali ili wawe na kitu cha kulinganisha.

Wiki iliyofuata, usafi

Australia wanaogopa udongo na mbegu kuliko wanavyoogopa kitu kingine chochote, na wana haki, kilimo chao kinategemea hilo. Sasa Dodoma ni vumbi jekundu na mbigili. Mbigili zimejichomeka kwenye matairi kiasi kwamba tumezing'oa moja moja kwa koleo ndogo, na nyingine zilikuwa juu ndani ya vifuniko vya magurudumu zimekaa na nyasi kavu. Matairi tumeamua kuyabadilisha kabisa, ya zamani yanabaki. Tumetoa siti zote, mazulia yote, tumepitisha vakyumu chini ya sakafu ambako kuna vumbi la miaka yote hii, tumepuliza hewa kwenye kila tundu la bawa, tukaosha kwa maji ya presha na kukausha.

Kwenye tundu moja la kupitisha hewa tumekuta kiota cha nyigu wa udongo, kigumu, kavu. Kimetolewa chote na pale pameoshwa kwa spiriti. Nimemweleza kijana aliyekuwa anasafisha kwanini hili ni jambo kubwa: uwanja wa Brisbane, upande wa pili wa Australia, wamesumbuliwa na nyigu wa kuja kutoka nchi za Amerika ambao wanajenga ndani ya kile kibomba cha pito, mpaka ndege kubwa za abiria zikisimama pale zinavishwa kofia kwenye vibomba. Mdudu mmoja anatosha kuleta hasara hiyo. Kijana akarudi kuchungulia matundu yote upya bila kuambiwa.

Jambo jingine la kule ni asbesto. Imepigwa marufuku kabisa tangu 31 Desemba 2003, kuingiza nchini hata kidogo ni kosa, na ndege za miaka ya sabini zinaweza kuwa nayo kwenye brekipedi, kwenye gasketi za ekzosi, kwenye ukuta wa moto kati ya injini na kabini. Brekipedi na gasketi tumeweka mpya zenye karatasi zinazosema hazina asbesto. Kipande cha kitambaa cha ukuta wa moto kimepelekwa kupimwa maabara, tunasubiri.

Katikati ya Julai, karatasi

Majibu ya maabara: hakuna asbesto. Nimeyaskani na kuweka kwenye faili.

TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, wameifuta ndege kwenye daftari. Lazima iwe hivyo kwasababu Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 18, unasema ndege haiwezi kuandikishwa kihalali kwenye nchi zaidi ya moja, kwahiyo mpaka 5H ifutwe ndio VH ya Australia iweze kuombwa. Tumebandua namba ubavuni. Tangu siku hiyo, kisheria, nina mzigo tu.

Kwenye forodha nilikwama kidogo. Wakala wa kwanza niliyempata aliandaa nyaraka zikisomeka vipuri vya ndege, hoja yake ni kwamba imefunguliwa. Nilimwambia kaka, hapana, kanuni za kupanga bidhaa zenyewe, kanuni ya 2(a), zinasema kitu kamili kilichofunguliwa kinabaki kuwa kitu hichohicho, na ndege yenye uzito mtupu usiozidi kilo 2,000 ina namba yake, 8802.20. Ikitoka Tanzania kama vipuri na ikafika Australia kama ndege, hapo katikati kuna maswali, na anayeulizwa ni mimi. Hakutaka kubadilisha. Tumeachana kwa amani na dada mmoja wa hapa Dodoma kaichukua kazi, kasoma faili lote usiku mmoja na asubuhi kaniuliza maswali ambayo yule wa kwanza hakuwahi kuyauliza. Orodha yake ya mzigo ina kila sanduku na kila kifuko kwa namba zilezile za Mzee.

Bima nimechukua ya hatari zote, ICC A, ya mzigo wa baharini. Msiache hii. Meli ikipata janga na nahodha akatupa sehemu ya mzigo ili kuiokoa, wenye mizigo iliyobaki mnachangia hasara hata kama yako ni salama, ni sheria ya bahari ya tangu enzi. Bila bima kontena lako halitoki bandarini mpaka uweke dhamana.

Mwisho wa Julai, kupakia

Kontena limeletwa tupu, likashushwa chini kwa krini. Kabla ya kuliruhusu liingizwe kitu tumelifunga milango tukiwa ndani, tukaangalia kama kuna mwanga unapenya. Hakuna. Sakafu tumeifagia na kuipiga deki.

Bodi ikiwa kwenye kitanda cha chuma chenye magurudumu imeingia pua mbele, polepole, vijana wanasukuma na Mzee yuko ndani anarudi kinyumenyume anasema njoo, njoo, simama. Kila upande ilibaki nafasi ya kupitisha mkono kati yake na bawa. Kitanda kimefungwa kwa mikanda ya racheti kwenye pete za sakafuni, mabawa yako kwenye fremu zake yamevishwa sponji, mikia nyuma, miguu na propela kwenye masanduku ya plaiwudi. Mifuko mirefu ya kunyonya unyevu imening'inizwa juu ukutani kwasababu kontena likitoka joto la Ikweta kwenda baridi ya kusini linatoa jasho darini na maji yanadondoka. Afisa wa forodha kahakiki, milango imefungwa, sili imewekwa.

Barabarani

Mzigo wote pamoja na kontena haufiki tani 6, na trela ilijengwa kubeba mara nyingi ya hapo. Trela nyepesi inarukaruka. Nilitafuta yenye springi za hewa na nikamwomba dereva, mtu mzima mwenye heshima zake, aende taratibu kwenye matuta. Akasema, "Bosi, hii nitaibeba kama mayai," na kweli aliibeba hivyo. Tuliifuata na gari ndogo, Chamwino, Kibaigwa ambako malori ya mahindi yamejaza barabara, Gairo, tukalala Morogoro. Kesho yake mizani ya Vigwaza haikutuchelewesha, na jioni tukawa Dar. Kwa kamera ndogo yenye betri tuliyoacha ndani nimeweza kuona kwenye simu kwamba hakuna mkanda uliolegea.

Agosti

Uzito uliothibitishwa umetumwa, bila hiyo karatasi hakuna kontena linalopanda meli tangu Julai 2016. Kontena limeingia bandarini, limepakiwa, linapitia Singapore halafu Fremantle, bandari ya Perth. Hati ya shehena ya asili ninayo. Kule kunanisubiri ukaguzi wa wadudu na udongo, GST (kodi yao ya bidhaa na huduma) ya asilimia 10, halafu lori fupi mpaka uwanja wa Jandakot.

Logibuku za bodi, injini na propela hazikuingia kwenye kontena. Nasafiri nazo mkononi. Bodi unaweza kutengeneza, boliti unaweza kununua, lakini historia ya ndege ya tangu 1975 ikipotea hakuna fundi mwenye leseni atakayeweka saini yake juu yake.

Jana fundi wa Jandakot kapitia picha zote nilizomtumia na kauliza swali moja tu, kwanini mstari wa bushi ya nyuma ya bawa la kulia hauko sawa na wa kushoto, ni makosa au ni makusudi? Nikampigia Mzee. Akanitumia sauti: ni makusudi, bawa la kulia lilikuwa zito tangu alipoipokea, alilirekebisha na kulijaribu hewani mpaka likatulia, lifungwe kwenye mstari uleule na lisisogezwe mpaka ndege iruke kwanza. Nimemwandikia fundi hivyohivyo. Kajibu kwamba ataanza na bawa hilo.